Maswali ya Wasomaji: Je, kijana asiyeruhusiwa kunywa pombe anaweza kuwahudumia wanywaji?

Barua tatu tulizopokea kutoka komine tatu, yaani sehemu tatu za utawala wa mji wa Lubumbashi, zinagusa jambo moja, nalo ni vijana wanaofanya kazi katika baa na nganda, vile vilabu vidogo vya pombe vya mji wetu. Tumeona vyema kuzijibu pamoja, kwa kuwa jibu la moja linaifaa nyingine. Tumezifupisha, na majina ya walioziandika tumeyahifadhi kama walivyoomba.

SWALI LA KWANZA

Ndugu mhariri, mimi ni mama wa watoto watano, nauza unga na mafuta ya mawese hapa Katuba. Binti yangu wa pili ana miaka 17, naye mwezi wa Septemba ataingia mwaka wa mwisho wa sekondari. Jirani yetu mwenye baa ameniomba binti huyo amsaidie kuhudumia wateja wakati wote wa likizo, tangu saa kumi za jioni hadi watakapofunga, na ameahidi malipo ambayo yangenisaidia sana kwa ada ya shule. Baba yake amekataa kabisa. Lakini kaka yangu anayeishi Cedar Rapids, katika jimbo la Iowa kule Marekani, ameniambia kwa simu kwamba binti yake wa miaka 16 anafanya kazi katika mkahawa na anawapelekea watu bia mezani kwa ruhusa ya sheria, ingawa kule mtu haruhusiwi kunywa hadi atimize miaka 21. Ikiwa wale wenye masharti makali kuliko yetu wanaruhusu, sisi tunakataa kwa nini?
Mama wa Katuba

JIBU

Mama mpendwa, tunaanza na jibu lenyewe ili usilitafute katikati ya maelezo: mumeo amefanya vyema kukataa, na tunakuomba nawe usikubali. Hatusemi hivyo kwa kuidharau kazi ya baa, ambayo imesomesha watoto wengi katika mji huu, wala kwa kudhani kwamba binti yako hana tabia njema. Tunasema hivyo kwa sababu kwa umri wake kazi ile haimfai, na sheria ya nchi yetu, pamoja na mikataba ambayo Kongo imeikubali, iko upande wa baba yake.

Kaka yako hakukudanganya. Ni kweli kwamba mwaka 2023 jimbo la Iowa lilipitisha sheria inayowaruhusu vijana wa miaka 16 na 17 kuuza pombe na kuipeleka mezani. Hata hivyo, habari hiyo ina nusu yake ya pili, ambayo pengine haikupata nafasi katika mazungumzo ya simu. Ruhusa ile inahusu mikahawa, si baa, na inatumika katika saa ambazo mkahawa unatoa chakula. Mzazi lazima atoe ridhaa yake kwa maandishi. Wafanyakazi wasiopungua wawili wenye miaka 18 au zaidi lazima wawepo mahali pale pale kijana anapohudumia. Kijana mwenyewe lazima kwanza apewe mafunzo ya kutambua na kukabili udhalilishaji wa kijinsia, na akitoa taarifa kwamba amedhalilishwa, mwajiri analazimika kumjulisha mzazi. Tafadhali yasome masharti hayo tena polepole. Waliotunga sheria ile walijua vizuri ni hatari gani inayomngoja mtoto anayebeba bia, wakajaribu kuizungushia ukuta. Sisi tunaona kwamba hatari ambayo inahitaji ukuta mrefu kiasi hicho ilipaswa kuachwa mbali na mtoto tangu mwanzo, na hata huko Marekani wapo wengi waliosema hivyo.

Tena jiulize: katika baa ya jirani yako, ni sharti lipi kati ya hayo litakalotimizwa? Nani atakaa kando ya binti yako hadi watakapofunga? Mafunzo atapewa na nani?

Kuhusu ile miaka 21, hapo ndipo tunapoona kwamba mfano wa kaka yako umekupoteza njia. Marekani haikuweka miaka 21 kwa sababu inamhesabu mtu wa miaka 19 kuwa mtoto. Sheria ya mwaka 1984, iliyotiwa saini na Rais Ronald Reagan, ilisema kwamba jimbo litakalowaacha wenye umri chini ya miaka 21 wanunue pombe litapunguziwa fedha za barabara kutoka serikali kuu, na kufikia mwaka 1988 majimbo yote yalikuwa yamekubali. Sababu kubwa ilikuwa vifo vya vijana barabarani, wakiendesha magari huku wamelewa. Kwa hiyo sheria ile inamlinda mnywaji na wale anaokutana nao njiani, wala haikutungwa ili kupima nani anaweza kufanya kazi. Ndiyo maana majimbo mengi kule yanamruhusu mtu wa miaka 18, ambaye anapiga kura, anaweka saini mkataba na anaweza kuingia jeshini, awapelekee wengine kinywaji ambacho yeye mwenyewe bado haruhusiwi kukionja. Katika jimbo la Ontario, kule Kanada, ni vivyo hivyo: kunywa ni miaka 19, kuhudumia ni 18.

Hilo linatushangaza tukilisikia kwa mara ya kwanza, lakini ukilitazama vizuri lina akili. Mfamasia anauza dawa asizozimeza. Mtu mzima wa miaka 18 au 19 anayefanya kazi kwa uaminifu, akarudi nyumbani bila kuonja tone, hana kosa lolote, na kumnyima mkate wake kwa sababu tu hajafikia umri wa kunywa ni kumwonea. Kama ungetuuliza juu ya kijana wa namna hiyo, jibu letu lingekuwa tofauti.

Kwetu, mama, pengo hilo halipo. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inasema kwamba mtoto ni mtu yeyote, wa kike au wa kiume, ambaye hajatimiza miaka 18. Umri wa kuruhusiwa kunywa ni huo huo. Kwa hiyo kijana wa Lubumbashi anayekatazwa kunywa si mtu mzima aliyewekewa sharti moja la ziada kama Mmarekani wa miaka 19. Ni mtoto mbele ya sheria, katika kila jambo, na sheria nyingine nyingi zinamfunika pamoja na ile ya pombe.

Sheria ya Ulinzi wa Mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumweka mtoto kazini kabla hajatimiza miaka 16, isipokuwa yule wa miaka 15 ambaye jaji wa watoto amempa ruhusa ya pekee. Binti yako amevuka umri huo, na pengine jirani yako ataishika hoja hiyo. Lakini kuvuka miaka 16 hakumfungulii mlango wa kila kazi. Mwaka 2001 nchi yetu iliridhia Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao unamkataza mtu wa chini ya miaka 18 kufanya kazi yoyote ambayo, kwa asili yake au kwa mazingira yake, inaweza kudhuru afya, usalama au maadili yake. Pendekezo linalofuatana na mkataba huo linataja waziwazi kazi za usiku, kazi za saa nyingi mno, na kazi zinazomweka mtoto katika hatari ya kudhulumiwa kimwili, kiakili au kingono. Ukimsikiliza jirani yako anavyoieleza kazi yake, tangu saa kumi za jioni hadi watakapofunga, utaona kwamba yote yamo.

Hata hivyo hatupendi kukuacha na karatasi za sheria peke yake, kwa sababu mzazi anayehangaika na ada hawezi kushibishwa na vifungu. Tunataka utazame kazi yenyewe ilivyo.

Watu wengi, wakiwemo viongozi wetu wa dini, hufikiri kwamba hatari ya baa kwa kijana ni kuiona pombe kila siku hadi aizoee. Hatari hiyo ipo, ila sisi hatuihesabu kuwa ya kwanza. Kubeba chupa na kufuta meza si kazi ngumu, na mtoto wa miaka 12 angeiweza. Sehemu ngumu ya kazi ya baa ni kukataa. Mhudumu anapaswa kumkatalia aliyelewa kupita kiasi, kumkatalia kijana mwenzake aliyeletwa na marafiki, kumkatalia anayetaka kuondoka bila kulipa, kumkatalia anayemshika mkono na hataki kuuachilia. Sasa fikiri jinsi tulivyowalea watoto wetu. Tumewafundisha kumwitikia mkubwa, kutomjibu, kupokea kwa mikono miwili, kumwita baba hata mtu ambaye hawajui. Malezi hayo ni mazuri nasi tunayapenda, lakini ukimchukua mtoto aliyelelewa hivyo ukamweka saa tatu za usiku mbele ya mzee mwenye fedha na chupa tano kichwani, umempeleka mahali ambapo adabu yake yenyewe inageuka kuwa udhaifu wake.

Wale wanaoingia nganda zetu wanajua mambo yanavyokwenda. Chupa tupu za bia ya Simba hupangwa chini ya meza, kwa sababu ndizo zitakazohesabiwa wakati wa kulipa. Muziki umefunguliwa kwa nguvu, hivyo mhudumu hulazimika kuinama hadi karibu kabisa na mdomo wa mteja ili asikie anachoagiza. Kisha mteja anasema: «Jiletee na wewe moja, nitalipa.» Neno hilo linaonekana la ukarimu. Lakini mhudumu akikataa, mteja huona amedharauliwa mbele ya wenzake, na huenda akahamia meza ya mhudumu mwingine. Mwenye baa naye hapendi akatae, maana chupa ile ni mauzo. Hivyo msichana ambaye sheria inamkatazia kunywa anajikuta anasukumwa kunywa na watu wawili kwa pamoja, aliye mbele yake na aliye nyuma ya kaunta, tena wote wawili wanamzidi umri, mali na sauti. Mwanamke wa miaka 25 hujifunza kuponyoka hapo kwa maneno mazuri au kwa kuomba soda. Binti wa miaka 17 mara nyingi hunywa.

Yanayoweza kufuata unayajua kama mama, na hatutayarefusha. Tunakukumbusha jambo moja tu: tangu sheria za tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kingono, mtu mzima anayelala na msichana wa chini ya miaka 18 anahesabiwa kuwa amembaka, hata kama msichana alikubali, hata kama alipewa fedha au simu. Sheria hiyo ipo, nasi tunaishukuru, lakini huja baada ya msiba.

Kuhusu ada, tunajua kwamba elimu bila malipo iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule za msingi za serikali, haikumfikia mwanafunzi wa sekondari, na kwamba mwaka wa mwisho una gharama za mtihani wa taifa juu ya gharama za kawaida. Nenda kwa mkuu wa shule sasa, kabla ya Septemba, umwombe kulipa kwa awamu, kwa maandishi na kwa tarehe utakazoweza kuzitimiza. Wakuu wengi hukubali kwa mzazi aliyekuja mapema kuliko kwa yule aliyeitwa baada ya mtoto kufukuzwa darasani. Na ikiwa binti anataka kufanya kazi wakati wa likizo, jambo ambalo ni la kusifiwa, mpe sehemu ya biashara yako asimamie mwenyewe, au umtafutie kazi ya mchana katika duka la vitambaa, kwa fundi cherehani au katika kituo cha kunakili karatasi, mahali ambapo unaweza kupita na kumwona. Malipo yatakuwa madogo kuliko yale ya baa. Hilo tunalikiri, nasi hatuna njia ya kulifuta.

SWALI LA PILI

Nina baa Kamalondo kwa miaka mingi. Mmoja wa wahudumu wangu ametimiza miaka 18 hivi karibuni, naye anasoma mwaka wa kwanza chuo kikuu. Wazee wa kanisa langu wananilaumu, wanasema nampoteza mtoto wa watu. Je, nina kosa? Tena mwanangu wa miaka 15 hunisaidia kupanga kasie (kreti) za bia na kuzipeleka kaunta jioni akitoka shule. Naye ni kosa?
Mwenye baa, Kamalondo

JIBU

Baba, tunakushukuru kwa kuuliza, kwa sababu wengi wa kazi yako hawaulizi. Juu ya mwanafunzi wako, ikiwa kweli ametimiza miaka 18, wewe huna kosa na yeye hana kosa. Ni mtu mzima, anaweza kuweka saini mkataba wake mwenyewe, na anaweza kuamua mwenyewe kama kazi hiyo inapatana na imani yake. Wazee wa kanisa wana haki ya kushauri, na huenda wanamjali kwa moyo safi, lakini wangemsaidia zaidi kama wangekuuliza anafunga kazi saa ngapi na anarudi nyumbani na nani.

Tumesema «ikiwa kweli» kwa makusudi. Msichana mwenye shida anaweza kujiongezea mwaka mmoja au miwili ili apate kazi, na mwajiri anayehitaji mfanyakazi anaweza kujifanya hakuona. Wengi wetu hutumia kadi ya mpiga kura kama kitambulisho, lakini kadi hiyo peke yake haitoshi. Tazama tarehe ya kuzaliwa, uilinganishe na cheti cha kuzaliwa au karatasi za shule, na ukibaki na shaka, usimwajiri. Wakaguzi wakija, kusema kwamba alionekana mkubwa hakutakuokoa.

Kwa kuwa umemwajiri mtu mzima mchanga, una wajibu mkubwa kuliko ule ulio nao kwa mhudumu wa miaka 30, hata kama vifungu vya sheria kwao ni vile vile. Mwandikie mkataba. Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inasema kwamba mahali ambapo hakuna maandishi, mkataba huchukuliwa kuwa wa muda usio na kikomo hadi ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo anayefikiri kwamba kukwepa karatasi kunamwacha huru kumfukuza mtu wakati wowote anajidanganya. Mwandikishe katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani CNSS. Saa za kazi kwa kawaida hazipaswi kuzidi 9 kwa siku na 45 kwa juma, na zinazozidi hulipwa zaidi. Mwanafunzi wa chuo hataweza kuzifikia saa 45 akafaulu masomo yake. Mpangie siku za mwisho wa juma, na jioni chache zaidi kama hana mtihani. Wakati wa kufunga, mlipie pikipiki ya dereva unayemfahamu, au wahudumu wote wapelekwe pamoja. Safari ya kutoka kazini usiku, ingawa haimo katika mikataba mingi, kwa maoni yetu ni sehemu ya kazi, na mwajiri anayeikwepa ameacha sehemu ya kazi yake bila kuifanya.

Yaliyo muhimu kuliko hayo tumekwisha kuyagusa katika jibu la kwanza. Mhudumu wako anaweza kukataa ikiwa tu anajua kwamba wewe utamuunga mkono. Waambie wateja wako wa kila siku, wewe mwenyewe kwa sauti yako, kwamba wahudumu hawanywi pombe wakiwa kazini, na kwamba anayetaka kumheshimu mhudumu amnunulie soda au ampe bakshishi. Likibandikwa ukutani litasaidia, lakini likisemwa na mwenye baa mbele ya meza lina nguvu zaidi. Na siku mteja mkubwa, yule anayeacha fedha nyingi, atakapovuka mpaka, hapo ndipo wahudumu wako wote watakapojua kama ulimaanisha. Usisahau pia kwamba udhalilishaji wa kingono ni kosa la jinai, na kwamba ukiufanya wewe mwenyewe, Kanuni ya Kazi inauhesabu kuwa kosa zito la mwajiri.

Juu ya mwanao wa miaka 15, jibu ni fupi: mwondoe. Mtoto kumsaidia mzazi ni jambo jema katika desturi yetu, na hakuna sheria inayokataza kijana kufagia ua wa nyumbani au kumlinda mdogo wake. Lakini kasie yenye chupa kubwa 12 zilizojaa ni mzigo mzito kwa mgongo unaokua, na sheria inakataza watoto kubebeshwa mizigo mizito; tena hajafikia miaka 16, na mahali penyewe ni baa, saa ya jioni, wakati alipaswa kuwa mbele ya daftari lake. Ikiwa unataka aijue biashara, mkalishe nyumbani siku ya Jumapili na vitabu vya hesabu, umwonyeshe bia inaingia kwa bei gani, inatoka kwa bei gani, kodi ni kiasi gani na kilichobaki ni nini. Atajifunza mengi kuliko akibeba.

SWALI LA TATU

Nina miaka 20, nahudumia katika nganda moja ya komine ya Kenya hapa Lubumbashi. Nilianza nikiwa na miaka 16. Mteja akiondoka bila kulipa, bosi ananikata mshahara, na mwezi mwingine nabaki na fedha ya kununua sabuni tu. Nikiugua ananiambia nimlete mdogo wangu wa miaka 17 ashike nafasi yangu, la sivyo nitapoteza kazi. Nifanye nini?
Mhudumu wa Kenya

JIBU

Dada yetu, tunaanza na mdogo wako, kwa sababu hilo haliwezi kungoja. Usimpeleke, hata kwa usiku mmoja. Kazi ni yako kwa makubaliano kati yako na bosi wako, si deni la ukoo wenu ambalo mdogo mtu anaweza kutumwa kulilipa. Ukiugua, nenda kituo cha afya upate karatasi ya daktari, umfikishie bosi wako haraka, kwa ujumbe wa simu kwanza ili ibaki alama. Mfanyakazi aliyeugua kwa kweli na akaleta uthibitisho hana kosa la kuadhibiwa kwa kufukuzwa. Ikiwa lazima mtu ashike nafasi yako, bosi amtafute mtu mzima, kwa mkataba na kwa malipo.

Kuhusu makato, Kanuni ya Kazi haimwachi mwajiri akate mshahara kama apendavyo. Inataja makato yanayoruhusiwa, kama vile kodi, michango ya CNSS na fedha ulizotangulia kuchukua. Mteja kutoroka ni hatari ya biashara, na mwenye kubeba hatari ya biashara ni yule anayechukua faida yake. Tunafahamu utaratibu unaotumika katika nganda nyingi, ambapo mhudumu huhesabiwa chupa kaunta kana kwamba amezinunua yeye, kisha akahangaike mwenyewe kukusanya fedha mezani. Utaratibu huo umemfanya msichana awe mfanyabiashara siku ya hasara na mfanyakazi siku ya faida. Ni dhuluma, hata kama umezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeshangaa tena. Tena ndiyo njia mojawapo ambayo wasichana hulazimishwa kuvumilia mikono ya wateja, kwa kuogopa kwamba meza ikikasirika itaondoka bila kulipa.

Anza kuandika. Chukua daftari dogo, uandike kila siku tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, kiasi ulicholipwa, kiasi kilichokatwa na sababu uliyopewa. Usiliache pale kazini. Kisha zungumza na bosi wako mchana, kabla ya wateja, ukiwa na mhudumu mwenzako mmoja au wawili wenye shida hiyo hiyo, mkaombe kwamba kinywaji kilipwe kinapofikishwa mezani. Mwenye akili atakubali, kwa kuwa hata yeye atapunguza hasara. Akikataa, peleka daftari lako kwenye ofisi ya Ukaguzi wa Kazi. Kazi yao ni kuwaita nyote wawili na kujaribu kuwapatanisha kabla shauri halijafika mahakamani, na kutokuwa na mkataba wa maandishi hakukunyimi haki ya kusikilizwa.

Juu ya miaka yako miwili ya kwanza, ulipokuwa bado mtoto, aliyekosa ni mtu mzima aliyekuajiri. Wewe hukukosa lolote. Waeleze wakaguzi hilo pia, pamoja na yale anayotaka kumfanyia mdogo wako, kwa sababu mwajiri ambaye amekwisha kumweka mtoto mmoja kazini na sasa anamwomba wa pili anahitaji kuonywa na serikali. Na ikiwa katika miaka ile kuna lililokupata ambalo hukuliandika katika barua hii, bado unaweza kuzungumza na mwanasheria au na mama mmoja unayemwamini, nasi tutakuelekeza ukituandikia tena.